Tuta Lililoachwa Kilimani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hakumwamini mtu. Sisemi hivi kumteta. Yeye mwenyewe alijisifia jambo hilo kama wengine wanavyojisifia shamba au watoto waliosoma. Ukimkaribisha chai alinusa kikombe kwanza. Ukimwambia mvua imeanza kunyesha alitoka nje kuhakikisha, akarudi ameloa na ameridhika. Nyumba yake ya vyumba viwili haikuwa na kitu cha kuibwa ila dada yangu, lakini mlango ulikuwa na kufuli mbili na komeo, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kufuli. Mimi nilimwita Shemeji, na nikitaka kumchokoza nilimwita Bwana Funguo.

Kazi ndiyo iliyomfanya awe hivyo. Tangu ndevu zimwote alikuwa kwenye machimbo ya kokoto chini ya kilima, akitoboa mwamba na kushindilia baruti. Wenye kazi hiyo wana desturi yao. Wakishawasha tambi za baruti hukimbia wote kujificha nyuma ya malori, na mkubwa wa zamu huhesabu milipuko kwa sauti. Milipuko ikiwa pungufu kuliko mashimo, hata kwa mmoja, hakuna anayenyanyua kichwa, kwa sababu kuna shimo limenyamaza, na shimo lililonyamaza ndilo linaloua. Rafiki yake wa zamu moja hakuwa na subira. Alisema hilo litakuwa limeingia maji tu, akaenda kulichungulia. Shemeji ndiye aliyeokota kofia yake.

Tangu siku hiyo akawa na neno lake: "Kitu kikinyamaza, kina jambo." Alilisema kwa baruti, akalisema kwa majirani, akalisema hata kwa dada yangu akiwa amekaa zake kimya anachambua mchele.

Kilima chenyewe kilikuwa na taji la mawe. Juu kabisa palikuwa na ukuta wa zamani sana uliojengwa bila saruji wala udongo, jiwe limekalia jiwe, ukizunguka kilele chote. Nasema ulizunguka kwa sababu wakati ninaousimulia ilikuwa imebaki nusu. Nusu nyingine machimbo yalikuwa yameshaila. Ukisimama chini barabarani uliona ngome ile imekatwa kama mkate, na chini yake jabali jeupe, na chini ya jabali mashine ya kusaga ikinguruma na vumbi lake likitua kwenye nguo zetu zilizoanikwa. Wengi wetu hatukujali. Mawe ni mawe. Nyumba yangu mwenyewe imesimama juu ya kokoto za ngome hiyo.

Vumbi lile lile likamkalia Shemeji kifuani. Alianza kukohoa kidogokidogo, kisha akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari wa hospitali akamwambia dada yangu pembeni, "Mama, huyu akirudi kwenye vumbi, usiniletee tena. Tafuta sanda." Ni meneja wa machimbo aliyempeleka hospitali siku ile kwa gari lake mwenyewe, akamsubiri mpaka jioni. Shemeji hakusahau. Katika dunia nzima yenye watu wote hawa, mtu mmoja tu alipita mlangoni kwake bila kukaguliwa, na mtu huyo alikuwa meneja.

Basi ndipo wakaja watafiti wa mambo ya kale. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani, aliyeweza kupiga magoti siku nzima akisugua jiwe moja kwa brashi ndogo kama ya kupakia rangi. Tulimwita Mama Brashi, mbele yake na nyuma yake, naye akaitika. Mimi aliniajiri niwapikie. Shemeji alimwajiri awe mlinzi wa kilima, na kwa hilo nampa sifa: alimtazama mara moja tu akajua hapa nimepata mtu asiyelala.

Mambo yalikuwa hivi, na sote tuliyajua. Machimbo yaliomba kupewa nusu ya kilima iliyobaki. Meneja alidai kwamba ukuta ule si ngome wala nini, ni zizi la mbuzi lililojengwa juzijuzi na wachungaji, enzi za babu yake. Mama Brashi alisema umejengwa na watu wa kale mno, ambao hawakuacha jina wala herufi. Wakubwa wa ofisi ya serikali inayotoa vibali walisema watakuja mwisho wa uchimbaji waone kwa macho. Akishinda Mama Brashi, kilima kitazungushiwa uzio na Shemeji atakuwa mlinzi wa kudumu, juu kule kwenye hewa safi. Akishinda meneja, kilima kitasagwa, na Shemeji, ambaye hakuwa na ufundi mwingine wowote, atarudi kwenye vumbi. Dada yangu alikuwa akimwombea Mama Brashi kila asubuhi kama vile amemzaa.

Mngedhani basi Shemeji naye angekuwa upande wa Mama Brashi. Thubutu! Alimshuku kuliko wote.

"Shemeji," aliniambia siku moja, ameketi juu ya ndoo jikoni kwangu, yaani chini ya turubai, "mtu na akili zake anatoka mbali kuja kufagia mchanga?"

"Ndiyo kazi yake."

"Kazi. Na vile vijiwe wanavyotia kwenye vifuko?"

"Vigae hivyo. Vyungu vilivyovunjika."

"Mimi nikivunja chungu chako utakitia kwenye kifuko?"

"Wewe ukivunja chungu changu nitakutia wewe kwenye kifuko."

Hakucheka. Alikuwa anatazama lango la ngome, mahali ukuta ulipoachana kidogo kuacha njia ya kuingia. Hapo watafiti walikuwa wamechimba mashimo mawili yenye pembe nne, yamenyooka kama yamekatwa kwa kisu, moja huku na moja huku. Katikati ya mashimo hayo waliacha tuta la udongo ambalo halijaguswa, jembamba, limeegemea ukuta. Kila aliyekuja kazini aliambiwa jambo moja: ruka, zunguka, fanya utakavyo, lakini lile tuta usilikanyage wala usiliguse.

"Wamechimba huku," Shemeji alisema taratibu. "Wamechimba na huku. Pale katikati wamepaacha. Kwa nini?"

"Kamuulize mwenyewe."

"Ukimuuliza mwizi kaficha wapi mali, atakuonyesha kwa jirani."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote, ila mtu wa baruti. Mwingine angeona udongo. Yeye aliona mashimo yaliyolia, na katikati yake mahali palipokaa kimya. Akaanza kuzunguka tuta lile asubuhi na jioni, akilitazama kwa ubavu. Alikuja hata na kijiti akawa anapima kama limepungua. Mama Brashi alipoona anavyolilinda alifurahi, akaniambia, "Shemeji yako analipenda tuta letu." Nikaendelea kumenya vitunguu. Ningemwambia nini?

Meneja naye alikuwa akipita getini, yaani kwenye kamba iliyofungwa njiani hatua chache kutoka langoni, mara moja moja, kumjulia hali mgonjwa wake wa zamani. Alileta sukari. Waliketi kwenye jiwe wakiongea ya zamani, nani amekufa, nani ameacha pombe. Siku moja nilikuwa napandisha maji nikawasikia.

"Hawa watu wako," meneja alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "kwa nini pale langoni wameacha udongo?"

"Ndilo ninalojiuliza, bosi."

"Mimi sisemi kitu. Lakini siku ya mwisho wataondoka na magari, na wewe ndiye mlinzi. Kikija kugundulika kitu kimebebwa, ataulizwa nani?"

Basi. Hakusema zaidi ya hapo, akabeba kofia yake akaenda zake. Mimi sukari ile sikuionja, ingawa sikuwa na ushahidi wowote. Nilimwambia dada. Dada akasema, "Huyo ndiye aliyempeleka mume wangu hospitali," na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya mapumziko watafiti walishuka wote mjini kufua na kununua vitu. Mchana nilimpelekea Shemeji chakula chake. Getini hayupo. Nikaita, kimya. Halafu nikasikia kile kikohozi, kinatoka langoni mwa ngome, kirefu kuliko siku zote.

Nilimkuta ameketi chini ndani ya shimo, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa mawe, sururu katikati ya miguu, uso umekuwa wa kijivu. Lile tuta halikuwepo. Lilikuwa limesambaa chini, udongo mweusi, mwekundu na wa majivu umechanganyika kama uji wa mtoto. Kilichobaki ni kipande kifupi tu, urefu wa mkono mpaka kiwiko, kimegandamana na ukuta pale pale alipokuwa ameketi. Kifua kilimkatia pumzi kabla hajakifikia.

"Hakuna kitu," aliniambia alipoweza kusema. "Shemeji, hakuna kitu kabisa. Udongo mtupu."

Niliketi kwenye ukingo wa shimo na chakula chake mapajani. Nilitaka kumpiga na sahani. Kilichonizuia ni macho yake. Nilimjua mtu huyu tangu anakuja kumposa dada yangu na viatu vya kuazima, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona anaogopa.

Mama Brashi aliporudi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akatazama tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. Vijana wake wa kazi walisimama nyuma wakitazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake, na mwenye viatu vyenye udongo mweusi akaanza kuvifuta kwenye majani.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi," Shemeji akasema. Na akaeleza, kwa kifupi, kwamba alitaka kujua wameficha nini.

Mama Brashi akaketi juu ya lundo la kifusi. "Mzee wangu," alisema, "tukichimba tunaharibu. Kila tunachokichimba hakirudi tena. Mimi nikiwaambia watu nilikuta majivu ya kale yamegusa ukuta, watanijuaje kama nasema kweli? Ndiyo maana tunaacha tuta. Ubavuni mwake unaona matabaka yote, la kwanza mpaka la mwisho, yamelala kama yalivyolala. Mtu asiyetuamini anakuja anatazama mwenyewe. Nilikuwa nawangoja wakubwa waje, nichukue mkaa kutoka humo mbele ya macho yao, asiwepo wa kusema nimeuokota jikoni kwa huyu dada mpishi." Akanyoosha mkono kwenye ukuta uliobaki. "Sehemu nyingine zote baruti ilishazitikisa. Ni hapa tu ndipo palipokuwa pazima. Tuliliacha kwa ajili ya watu wanaotushuku, mzee. Tuliliacha kwa ajili ya watu kama wewe."

Shemeji aliinama akachukua kofia yake chini, akaikung'uta vumbi, akaendelea kuikung'uta wakati vumbi limeshaisha.

Usiku wake dada yangu alilia mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake asubuhi Mama Brashi alimfuata Shemeji getini akamwambia jambo ambalo sikulitarajia: kwamba hatawaambia wakubwa ni nani. Atasema udongo uliporomoka. Alimhurumia, nadhani, au alimhurumia dada. Shemeji akamwuliza, "Kwa nini unifanyie hivyo?" na nikaona ameanza tena kumkagua usoni akitafuta hila. Mtu hubadilika, lakini si kwa siku moja.

Wakubwa wa ofisi walikuja na gari lao jeupe, wamevaa viatu visivyofaa kilimani. Meneja alikuja nao. Nilikuwa nimewapikia, nikasimama na birika mkononi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mama Brashi aliwaonyesha lango, akawaonyesha kile kipande kilichobaki, akaanza kusema kwamba udongo uliporomoka.

Meneja akaguna. "Uliporomoka," alisema. Akashuka shimoni, akagusa mahali palipokatwa. "Wakubwa, mimi ni mtu wa mawe, najua alama ya sururu. Hapa pamekatwa. Jiulizeni wenyewe: nani aliyekuwa na sababu ya kukata? Walipoona tuta halisemi wanachotaka liseme, wamelivunja. Hiki kipande walichotubakizia ndicho walichokipika."

Wakubwa wakamgeukia Mama Brashi. Uso wake ulikuwa umeiva, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kwa uongo, alikuwa hana pa kushika. Niliona wazi kilima kinakwenda. Niliona mashine ya kusaga, nikaona sanda.

Shemeji alikuwa amesimama getini. Alimtazama meneja, na sijui niseme alimtazamaje. Alimtazama kama alivyotutazama sisi wengine miaka yote. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile alikuwa ameivaa kwa mapenzi.

"Bosi," alisema, "umejuaje kwamba udongo haukuporomoka, kabla hujashuka?"

"Nini?"

"Uliguna kabla hujashuka. Kuna mtu alishakwambia, au ulikuwa unangoja tuta livunjwe?" Akaja mpaka ukingoni mwa shimo, akawageukia wakubwa. "Ni mimi niliyekata. Sururu ni yangu, iko pale getini, ina udongo mweusi bado. Huyu mama amesema uongo ili nisifukuzwe. Nilikata kwa sababu nilidhani wanaficha mali, na huyu bosi alikuja akanipalilia mawazo hayo pale kwenye jiwe. Hakuniambia kata. Yeye hasemi kitu, alisema mwenyewe. Kile kipande sikukigusa. Nilikuwa nataka. Kifua ndicho kilichokataa."

"Huyu ni mgonjwa," meneja akasema.

"Mgonjwa ndiyo. Kwa vumbi la nani?"

Mimi nikaona nisipofungua mdomo nitapasuka. Nikasema niliwasikia wakiongea. Nikarudia maneno ya meneja jinsi yalivyokuwa, na ya sukari nikaongeza. Mkubwa mmoja, mwenye suti, akavua koti akashuka shimoni mwenyewe, akapiga magoti kwenye majivu, akamwambia Mama Brashi, "Nionyeshe hicho kipande."

Mkaa ulitolewa mbele yao, vipande vidogo kama punje za mtama, kutoka kwenye tabaka la majivu lililoegemea jiwe la kwanza la ukuta, yaani lilitua hapo ukuta ukiwa umeshasimama. Ulifungwa, ukatiwa sahihi na wote, hata meneja. Ulipelekwa mbali kupimwa umri. Majibu yalipokuja yalisema kwamba ukuta ule ni mkongwe kuliko chuma, kwamba wachungaji wote wa enzi za babu ya meneja ni watoto wa jana. Kilima kikazungushiwa uzio. Mashine ya kusaga ikahamia upande mwingine wa mto.

Kazi ya kudumu Shemeji hakuipata. Ofisi ilisema mlinzi aliyeharibu anacholinda hawezi kulinda, na hapo hawakukosea. Machimboni nako, meneja aliapa kwamba hata akifa hamtaki kwenye kaburi la jirani. Kwa hiyo kwa maneno yale machache Shemeji alijifungia milango miwili kwa mkupuo. Dada yangu alilalamika wiki nzima, mpaka nikamwambia, "Dada, hebu tulia ufikiri. Mlango wa pili ulikuwa mlango gani?" Ulikuwa wa vumbi. Sasa hata angetaka kurudi asingepokelewa.

Nilimchukua mimi. Siku hizi nina mgahawa mdogo barabarani, na Shemeji huketi mlangoni. Wateja wananung'unika kwamba anawatazama mikono. Tangu aanze sijapoteza kijiko.

Kabla watafiti hawajaondoka walianza kufukia mashimo yao, na Mama Brashi akatuma mtu kumwita. Tulipanda pamoja, polepole, tukipumzika njiani. Chini ya shimo la langoni walikuwa wametandika nailoni. Mama Brashi akampa sarafu mpya, inang'aa, akamwambia aiweke chini. Shemeji akaiuma kwanza.

"Ya nani hii?"

"Ya yule atakayekuja kuchimba baada yetu. Atakuwa na vifaa bora kuliko vyetu. Akiikuta atajua hapa watu walishafika, na kwamba hapo pembeni, tulipopaacha, hapajaguswa na mtu."

"Na nani atahakikisha kwamba wewe hutarudi ukaichukua?"

Mama Brashi alicheka mpaka akavua miwani. "Njoo uangalie," akasema. "Wakati wowote."

Alikuwa anatania, lakini Shemeji hajui utani wa namna hiyo. Kila siku ya mapumziko, dada akishafungua kufuli zote mbili, anachukua fimbo yake anapanda. Mlinzi mpya amekuja kunilalamikia mara kadhaa kwamba shemeji yangu anamshuku. Namwambia azoee. Anasema mzee akifika husimama langoni, akatazama majani kama yamekanyagwa, akatazama udongo kama umefukuliwa. Hagusi hata jiwe. Anakohoa, anakaa kidogo, halafu anashuka.